WATI 100 NDANI YA GETO: HUO SIO UGWIJI, NI UBISHOO TU!

Wadau, kuna picha inazunguka Insta wiki nzima. Staa mmoja wa gitaa hapa Bongo, jina kapuni, kapiga pozi chumbani kwake. Nyuma yake kuna amplifaya ya valvu ya wati 100 imekaa juu ya boksi lenye spika nne za inchi 12. Dude limejaa chumba mpaka kitanda kinaonekana kama kimealikwa tu. Chini ya picha kaandika kwamba mpiga gitaa wa ukweli anaanzia wati 50 kwenda juu, na wenye viamplifaya vidogo wakacheze na wadogo zao. Laiki kama mvua. Machawa wakamwaga vimoto.

Sasa majirani zake, na majirani wa mjini mnawajua, wanasema tangu dude hilo liingie ndani halijawahi kufunguliwa kupita namba moja. Likienda namba mbili tu, vyombo vinacheza kabatini na mtoto wa chumba cha pili anaamka analia. Kwa hiyo jamaa anapiga picha nalo, halafu mazoezi anafanyia kwenye simu na hedifoni. Ndio huyo anawacheka wenzake.

Ingekuwa ubishoo wake unaishia kwake, wala isingekuwa stori. Mjini kila mtu na kiki yake. Shida ni kwamba kuna watu wanamsikiliza.

Dogo mmoja wa Mbagala alidunduliza hela ya bodaboda karibu miaka miwili. Akaingia inboksi kwa unyenyekevu kabisa: "Shikamoo braza, nataka amplifaya ya valvu ya kupigia nyumbani, ninunue ipi?" Braza akamjibu asinunue midoli, akampa namba ya mshkaji wake anayeuza vyombo vya mtumba. Dogo akarudi nyumbani na kichwa cha wati 100 na boksi la spika kwenye guta. Wiki ya tatu baba mwenye nyumba akampa notisi. Mwezi wa pili lile dude likauzwa nusu bei, na gitaa nalo likafuata ili ipatikane kodi ya chumba kingine. Leo dogo hapigi tena. Amerudi kwenye boda.

Hapo sasa ubishoo unakuwa dhambi. Kwa hiyo acha jambo hili lisemwe wazi, hata kama kuna watu watanuna: kwa kupigia nyumbani, amplifaya ndogo ya valvu ya wati 1 mpaka 5 sio ya wanafunzi, sio ya maskini, wala sio mdoli. Ndiyo sahihi. Anayemwambia kijana wa chumba kimoja anunue wati 100, ama hajui kazi yake, ama ana chake dukani.

WATI HAZIHESABIWI KAMA NDIZI

Uongo wa kwanza mjini ni huu: wati 50 zina kelele mara kumi ya wati 5. Sio kweli hata kidogo. Sikio la binadamu halifanyi kazi hivyo. Ukiongeza nguvu mara mbili, sauti inapanda desibeli 3 tu, tofauti ambayo unaisikia lakini haikushtui. Ukiongeza nguvu mara kumi, unapata desibeli 10, na sikio linaona kama kelele imekuwa mara mbili hivi. Yaani ile ya wati 50 inasikika kama mara mbili ya ile ya wati 5. Basi. Na wati 100 dhidi ya wati 1? Kama mara nne. Umelipia mara mia, umepata mara nne.

Sasa angalia upande wa pili. Spika nyingi za gitaa zinatoa desibeli kati ya 95 na 100 zikipewa wati moja tu, ukiwa umesimama mita moja. Wati moja! Na kwenye geto la mjini utasimama mita ngapi? Kitanda, meza, ndoo ya maji, umefika ukutani.

NIOSH, taasisi ya Marekani inayoshughulika na afya na usalama kazini, inasema desibeli 85 ni mwisho kwa saa 8 kwa siku, na kila zikiongezeka 3 muda unakatwa nusu. Piga hesabu mwenyewe: 88 ni saa 4, 91 ni saa 2, 94 ni saa 1, na 97 ni dakika 30. Kwa hiyo amplifaya ya wati moja ikifunguliwa vizuri ndani ya chumba, nusu saa tu masikio yako yameshamaliza mgao wa siku. Kuna mpiga solo mmoja wa bendi za mahoteli, naye jina kapuni, siku hizi ukimuita kwa nyuma hageuki. Watu wanadhani analeta maringo. Halafu wewe unaambiwa wati 5 ni kidogo.

Na kuna majirani pia. NEMC wamewahi kufungia baa na kumbi kwa sababu ya kelele, na baa ina leseni. Wewe una leseni gani hapo Tandale? Una mkataba wa miezi sita na mama mwenye nyumba anayelala saa tatu.

VALVU INATAKA KUBANWA

Hapa ndipo mabishoo wanapojianika kwamba hawajui hata walichonunua.

Valvu ni vile vichupa vya kioo vinavyowaka ndani kama taa ndogo, vilevile vya redio za babu. Watu wanavipenda kwa sababu moja kubwa: ukivibana, yaani ukivipa kazi mpaka karibu na mwisho wa uwezo wake, sauti haipasuki ghafla. Inanenepa, inaanza kukwaruza kidogo kidogo kwa utamu, na inafuata mkono. Ukigusa waya taratibu, inasafika. Ukichapa kwa nguvu, inakoroma. Mkono wako ndio unakuwa kitufe.

Sasa amplifaya ya wati 100 utaibanaje ndani ya chumba? Huwezi. Ukiifikisha pale valvu kubwa zinapoanza kutoka jasho, mtaa mzima umeshatoka nje na mjumbe yuko mlangoni. Kwa hiyo unapigia namba moja, ambapo sauti ni kavu, nyembamba, haina uhai. Umenunua simba, unamlisha mchicha, halafu unashangaa haungurumi.

Amplifaya ya wati 1 au 5 inafika kwenye utamu wake mapema. Na hii sio nadharia ya kijiweni. Fender ya Marekani ilianza kutoa amplifaya zake ndogo za ukoo wa Champ mwishoni mwa miaka ya 1940, kwa ajili ya wanaojifunza. Champ ya mwishoni mwa miaka ya 1950 ilikuwa na wati 5 hivi, spika moja ya inchi 8, na kitufe kimoja tu: volyumu. Ndani ina valvu tatu: moja ya 12AX7, moja ya 6V6, na moja ya kunyoosha umeme. Hamna kingine. Ni hiyo hiyo Champ ambayo Eric Clapton aliipeleka studio mwaka 1970 kurekodi albamu ya Layla akiwa na Derek and the Dominos. Gitaa ambalo dunia nzima inalijua lilipita kwenye kijisanduku ambacho braza wa Insta anakiita mdoli.

Kwenye studio, maiki haijui ukubwa wa boksi. Inasikia kilichopo mbele yake.

HAYA, SASA NUNUA NINI?

Usikariri jina la kampuni. Kariri mambo haya.

Kwanza, angalia kama ina swichi ya kupunguza wati. Marshall DSL1 ni ya wati 1 na inashuka mpaka 0.1. Ndugu yake DSL5 ni wati 5 na inashuka mpaka 0.5. Vox AC4TV inakupa wati 4, wati 1, au robo wati. Robo wati inaonekana kama utani kwenye karatasi, lakini ndani ya chumba saa mbili usiku, hiyo swichi ndiyo itakayokuacha na amani na mama mwenye nyumba.

Pili, angalia spika kabla ya wati. Spika ya desibeli 100 na ya desibeli 97 zinatofautiana 3 tu, lakini hizo 3 ni sawa na kuongeza nguvu ya amplifaya mara mbili. Kwa nyumbani spika isiyopiga sana kelele ni rafiki yako. Wauzaji hawalisemi hilo kwa sababu kelele ndiyo wanayouza.

Tatu, hesabu valvu. Amplifaya ya wati 100 ya mtindo wa Marshall ina valvu kubwa 4 na ndogo 3 hivi. Jumla 7. AC4TV ina mbili: EL84 moja na 12AX7 moja. Zile kubwa ndizo zinazochoka haraka, na kwenye madude mengi ya wati nyingi, ukibadilisha valvu kubwa inabidi fundi azipime na kuziseti upya. Kwenye hizi ndogo za valvu kubwa moja, mara nyingi unachomoa iliyochoka, unachomeka mpya ya aina ileile, kazi imeisha. Siku hizi valvu mpya zinatoka zaidi Urusi, China na Slovakia, wala hazikai duka la kona pamoja na balbu. Kwa hiyo siku unaagiza amplifaya, agiza na akiba yake. Na usichanganywe na majina: 12AX7 na ECC83 ni kitu kimoja. Akikwambia ECC83 ni bora kwa hiyo bei iko juu, cheka, ondoka.

Nne, umeme. Hapa watu wanalizwa kila siku. Amplifaya iliyotoka Marekani mara nyingi ni ya volti 120. Huku kwetu ni 230. Ukichomeka moja kwa moja, utanusa harufu ya hela zako. Unahitaji transfoma ya kushusha umeme yenye uwezo wa kutosha, sio kile kidude cha kuchaji shefa. Na umeme wao ni hezi 60, wetu 50, kwa hiyo transfoma ya ndani iliyotengenezwa kwa hezi 60 pekee inapata joto zaidi huku. Ukipata ya volti 230 tangu kiwandani, chukua hiyo, hata kama ile ya kutoka Marekani ina stika nzuri. Na Luku pia uiwaze: valvu inakula umeme hata kama hujagusa gitaa. EL84 moja inatumia karibu wati 5 kujipasha moto tu. Sasa zidisha kwa madude yenye msitu wa valvu ndani.

Tano, na hili sio la utani: usifungue mgongo wa amplifaya ya valvu kama hujafundishwa. Ndani kuna volti mamia, na zinaweza kubaki kwenye kapasita hata baada ya kuchomoa waya ukutani. Zinaua. Na usiwashe amplifaya ya valvu bila spika kuunganishwa, unaweza kuunguza transfoma ya kutolea sauti, na hiyo ni kati ya vitu vya bei zaidi humo ndani. Yule mshkaji wa vyombo vya mtumba alimwambia dogo haya? Thubutu.

VALVU MOJA DIRISHANI

Kuna ujanja mwingine. Unaoneshwa kichupa kimoja kinawaka kwa mbele, unaambiwa hii ni valvu kamili. Sio lazima iwe hivyo. Orange Micro Terror, kwa mfano, ina 12AX7 moja kwenye hatua ya mwanzo, halafu nguvu yake ya wati 20 inatoka kwenye transista. Sio mbovu, na kampuni yenyewe haifichi. Wanaoficha ni wauzaji wa huku. Wanakupiga bei ya valvu tupu kwa kitu cha mseto. Muulize muuzaji swali moja tu: "Hatua ya mwisho, ile inayosukuma spika, ni valvu au transista?" Akianza kuhema, umepata jibu.

WATAKAOPINGA

Wapo watakaosema amplifaya ndogo haina besi ya kutosha na haitamfikia mpiga ngoma. Kweli kabisa. Ukipiga na bendi kamili, wati 5 zitamezwa, na hapo kitu kama Fender Blues Junior ya wati 15 kina nafasi yake. Lakini swali la dogo lilikuwa la nyumbani. Ukiulizwa kiatu cha kushindia nyumbani, unampa mtu buti la jeshi?

Wapo watakaosema valvu ni ushamba, simu inatosha. Nao wana hoja. Kama unapiga usiku wa manane tu, na ukuta wako ni mwembamba kiasi cha kusikia jirani akigeuka kitandani, basi hedifoni ni heshima, na hakuna valvu itakayokufaa, hata ya robo wati. Na kama ndoto yako ni solo za dansi na sebene, gitaa safi linalong'aa bila mkwaruzo, huhitaji kuibiwa kwa jina la valvu. Roland JC-120, ambayo imekuwepo tangu 1975, ni ya transista tupu, na sauti yake safi inaheshimiwa dunia nzima. Anayekwambia bila valvu wewe sio mpiga gitaa, muulize anapiga nini yeye zaidi ya picha.

Ila kwa anayetaka ule mkwaruzo unaofuata mkono, kuna kitu amplifaya ndogo ya valvu inafundisha haraka. Ile ya kitufe kimoja haikupi pa kujificha. Hakuna rangi 50 za sauti za kuchagua, hakuna mwangwi wa kanisani wa kufunika makosa. Ni vidole vyako, volyumu ya gitaa, na wewe. Ukikosea, inakusema. Ukipatia, inaimba. Kijana akikaa mwaka mmoja na kitu kama hicho, siku akipanda jukwaani na dude kubwa la mtu mwingine, ataliendesha.

Hasara ya ubishoo ni hiyo. Hela inatafutwa tena, boda zipo. Lakini nchi hii imelea wapiga gitaa wa kuogopwa, kina Mbaraka Mwinshehe, na waliofuata hawatatoka mbinguni. Watatoka kwenye vyumba vya kupanga vya Mbagala, Mabatini na Sokon, vijana wakipiga taratibu jioni bila kufukuzwa. Kila dogo anayeuziwa dude asiloweza kuliwasha ni mpiga gitaa mmoja aliyezimwa kabla hajasikika.

Kwa hiyo mastaa, siku dogo akiingia inboksi kuuliza, kabla ya kutoa namba ya mshkaji wako, muulize maswali matatu: Unakaa wapi? Unapiga muziki gani? Unapiga saa ngapi? Majibu yake ndiyo yatakuambia wati ngapi. Na kama una asilimia yako kwa muuzaji, mwambie dogo wazi, aamue akijua.

Na wewe mdau unayesoma hapa na hela yako mfukoni: nenda dukani na gitaa lako, funga macho, sikiliza. Kama dude halipendezi likiwa chini, halitapendeza nyumbani, kwa sababu nyumbani litakuwa chini siku zote.

Haya, uwanja ni wenu. Geto lako lina amplifaya ya wati ngapi, na mara ya mwisho uliifungua mpaka namba ngapi? Semeni ukweli kwenye komenti, matusi weka pembeni.